Kobe Mbele ya Mlango

...na huyu Filimbi naye, badala ya kubonyeza jibu kama watu wengine, anahesabu kwa vidole, mtu mzima na kipara chake, nane mara saba, jamani, nane mara saba mtoto wa darasa la tatu anaijibu usingizini, lakini basi, mwalimu wa michezo huyu, filimbi shingoni hata kwenye semina ya kompyuta, tangu Jumatatu hajaivua, ndiyo maana wakampa jina hilo, na leo ni Alhamisi, siku ya kubadilishana viti, kila mwalimu acheze gemu aliyoitengeneza jirani yake, na mwenye gemu akae pembeni aufunge mdomo wake, ndivyo alivyosema mkufunzi, "mwenye gemu haruhusiwi kusaidia, aangalie tu," aangalie tu! yeye, mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na mmoja ya ualimu na hakuna hata siku moja aliyowahi kuangalia tu, mikono sasa ameibwaga mapajani juu ya simu, simu imelala kifudifudi, na ndani ya simu kuna ule ujumbe wa binti yake wa saa nne, wakati wa chai... hapana, asifikirie ujumbe, atazame kobe, kobe yuko ngazi ya tatu, anasubiri nane mara saba, na kobe ni wake, kamchora mwenyewe kwa kipanya siku nzima ya Jumanne, maana mkufunzi aliwaonyesha picha zilizo tayari, paka, roketi, mpira wenye macho, wenzake wakazivamia, yeye akasema nguo ya kuazima haisitiri matako, darasa zima la walimu likaangua kicheko, na akamchora kobe, mguu mmoja umemzidi mwingine, kofia imekaa upande, lakini anatembea, ukijibu sawa anapanda ngazi moja, ukikosea anashuka moja, maswali kumi, ngazi kumi, na juu kabisa kuna mlango mwekundu ambao mtu akishinda unafunguka, huo mlango hajauona ukifunguka bado, jana muda uliisha kabla hajajaribu, lakini utafunguka, kwa nini usifunguke, amri zote kazipanga mwenyewe, vipande vya rangi unaviburuta unavipachika kimoja chini ya kingine, kipande kisipofaa kinakataa kushika, na vyake vyote vimeshika. "Hamsini na sita!" anasema Filimbi, anabonyeza, kobe anapanda ngazi ya nne, "umeona mwalimu? bila hata kuvua viatu," kwa maana ya kuongeza na vidole vya miguu, na yeye anatabasamu kwa sababu ya adabu, huku kidole gumba kinapapasa mgongo wa simu.

Shikamoo mama, umeanza hivyo, natumaini semina inaendelea vizuri, mama mwakani mtoto nimemtafutia shule nyingine, ile ya karibu na hospitali, naomba usinielewe vibaya, tutaongea... na yeye amekaa na maneno hayo tangu chai, chai yenyewe aliiacha nusu kikombe, kwani kuna namna ngapi za kuielewa sentensi kama hiyo, mwakani mtoto anaingia darasa la nne, na hesabu ya darasa la nne anafundisha nani, si yeye, bibi yake mzaa mama, ambaye dawati keshamchagulia, mstari wa pili karibu na dirisha, mwanga unakuja kwa kushoto, mtoto asijifunike kivuli cha mkono wake akiandika, keshamwambia na seremala aukaze ule mguu unaocheza, miaka mitatu yote anahesabu, bado darasa moja, mke mwenzangu anakuja, humwita hivyo kwa utani, naye mtoto humjibu, "mume wetu yuko wapi leo, bibi?" na marehemu babu yake angekuwepo angecheka hadi akohoe... shule ya karibu na hospitali, sawa, binti yake ni muuguzi pale, atasema ni kwa ajili ya usafiri, atasema zamu za usiku, sababu hazikosekani kwa mtu aliyekwisha amua, lakini mama hadanganyiki, angekuwa anataka ukaribu angesema ukaribu, hakusema ukaribu, amesema usinielewe vibaya, na mtu haombi asieleweke vibaya kama hana kitu kibaya cha kueleweka. "Mwalimu, hii ya tano mbona ina mtego?" Haina mtego, soma swali, angependa kusema, soma swali ndiyo wimbo wake wa miaka thelathini na mmoja, lakini mkufunzi yuko nyuma ya kiti, binti mdogo wa viatu vya raba, umri wake ni ule ule wa muuguzi wake au pungufu kidogo, anapita kati ya meza mikono nyuma, hagusi kipanya cha mtu, siku nne hizi hajagusa kipanya cha mtu hata mmoja, walimu wanamlalamikia njoo unifanyie, anajibu, "kwani umekwama wapi?" na anasubiri, anasubiri kweli kweli, mpaka mtu anaona haya kukwama... kobe ngazi ya tano, sawa. Kosa lake ni lipi, aambiwe, kama ni ukali, ukali huo huo ndio uliomfikisha huyo binti kwenye uuguzi, leo anapima dawa kwa matone bila kukosea, hakukiokota barabarani kipaji hicho, alipikwa, na aliyempika ni nani, na hakupendelewa, hilo mtu yeyote atasema, shule nzima ilijua, hata Jumatatu walipojitambulisha hapa, kila mtu aseme jina, somo na jambo moja analojivunia, wengine wakasema shamba, wengine wajukuu mapacha, Filimbi akasema kikombe cha mikoa, yeye alisimama akakisimulia kile kisa chake, kwamba alimfundisha mtoto wake wa kumzaa darasa la nne, na mtihani wa mwisho wa muhula mtoto akajibu maswali yote, yote, naye kwa kalamu nyekundu akampa tisini na tisa, kwa sababu swali la saba, eneo la mstatili, mtoto aliandika hamsini na nne tupu bila sentimita za mraba, hamsini na nne nini, viazi? na walimu wakacheka, wakapiga makofi, mmoja akasema, "huo ndio ualimu, sio hawa wa siku hizi," na yeye alikaa chini amejaa kifua, kisa hicho amekisimulia mara ngapi, ofisini, kwenye mahafali, kwenye kikao cha wazazi, kila mara makofi. Mkufunzi peke yake hakupiga makofi Jumatatu ile, sasa ndipo anapokumbuka, mkufunzi aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "na mtoto alisemaje?" na yeye akasema hakusema kitu, akakaa chini, na mwenzake wa pembeni akasimama kujitambulisha.

Ngazi ya sita, Filimbi jasho linamtoka, pangaboi linazunguka taratibu juu ya vichwa vyao, mashine ishirini zinavuma, meza ya nyuma mwalimu wa sayansi anapiga kelele kwamba roketi yake imezama chini ya skrini hairudi, watu wanacheka, na hapa swali la saba linatokea, urefu tisa, upana sita, eneo ni ngapi... ee, nalo swali hili, hakulikusudia, kweli hakulikusudia, jana alikuwa anatafuta swali la eneo likamjia lenyewe mkononi, tisa kwa sita, Filimbi anaandika hamsini na nne, anabonyeza, kobe anapanda, kwa sababu kompyuta haina mahali pa kuandika sentimita za mraba, hamsini na nne tupu, na kobe amepanda bila wasiwasi wowote... mtoto alisemaje. Mwezi uliopita mke mwenzake alikuja kulala, Jumamosi, akakaa sakafuni na daftari lake la mazoezi, ulimi nje, anaandika, na yeye bibi alikuwa kwenye kochi, alifungua tu mkoba kutafuta miwani, na kalamu nyekundu ikatoka na miwani, ilikuwa imenasa, basi, na mtoto aliona, akalificha daftari nyuma ya mgongo, "bibi usiangalie, bado sijamaliza," na alikuwa amemaliza, ukurasa ulikuwa umejaa, yeye akacheka, akasema mtoto huyu ana vituko, akarudisha kalamu, na binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, ameyaona yote, hakucheka. Ngazi ya nane, ya tisa, huyu mwanamume anashinda, haya, heri, angalau mtu mmoja auone mlango ukifunguka, hata yeye mwenyewe amesogea ukingoni mwa kiti, kitu kimetoka kichwani mwake kinatembea kwenye kioo, miaka hamsini na minane na leo ndiyo amejua kutengeneza kitu kinachotembea, na swali la kumi ni kumi na mbili mara kumi na mbili, Filimbi anafumba macho, anafumbua, "mia moja arobaini na nne, na nikikosa nalivua hili lifilimbi nalitupa dirishani," anabonyeza, kobe anapanda ngazi ya kumi, kofia upande, anasimama mbele ya mlango mwekundu, na pembeni pameandikwa maksi kumi, na mlango... mlango umekaa vile vile, kibao kinatokea chini, maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa herufi kubwa, BADO. JARIBU TENA.

Filimbi anakodoa macho, anasogea, anarudi nyuma, anamgeukia, na hana utani usoni, sura imemsinyaa, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, "mwalimu, nimekosa wapi?" na yeye anafungua mdomo aseme kompyuta hii mbovu, umeme huu, virusi, lakini mkufunzi keshainama kati yao, harufu ya sabuni ya kufulia, anatazama vipande vya rangi upande wa kushoto wa kioo, anavisoma kimoja kimoja bila kugusa, anasema polepole, "samahani mwalimu, kompyuta haina ugomvi na mtu, inafanya ulichoiambia, hebu soma mwenyewe kile kipande cha mlango," na yeye anashusha miwani, anasoma, kama maksi ni kubwa kuliko kumi, fungua mlango, la sivyo sema bado jaribu tena... kubwa kuliko kumi, na maswali ni kumi, maksi ya juu kabisa ni kumi, kumi haiwezi kuwa kubwa kuliko kumi hata ukiisimamisha kwenye stuli, kulikuwa na alama tatu za kuchagua, ndogo kuliko, sawa na, kubwa kuliko, na mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ile ya tatu, hata haukufikiri, mwalimu wa hesabu, yeye, anayewachapa watoto maneno juu ya alama hizo hizo tangu hawa wakufunzi wananyonya, nyani haoni kundule, "kwa hiyo mwalimu," anasema mkufunzi, bila kejeli, angalau hana kejeli, "kwa ilivyo sasa hakuna mtu anayeweza kushinda hapa, hata ajibu yote," kisha anaitwa kule nyuma kwenye roketi iliyozama, anaondoka, anawaacha, na Filimbi bado amemgeukia, nimekosa wapi, hajasikia vizuri au hajaelewa, anasubiri kuambiwa na mwenye kalamu, nimekosa wapi, mwalimu, maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo... mtoto alisema hivyo. Mtoto alisema. Hakukaa kimya, si kweli kwamba hakusema kitu, alikuja mbele ya darasa na karatasi mkononi, soksi moja imeshuka, akasema, "nimekosa wapi, mwalimu," kwa sababu shuleni ilikuwa marufuku kusema mama, na yeye akamwonyesha swali la saba, hamsini na nne nini, viazi, darasa likacheka, na mtoto hakuondoka, hapa ndipo kisa chake hukatika kila anapokisimulia, mtoto hakuondoka, alikuwa na karatasi mbili, ya pili ilikuwa ya mwenzake wa dawati moja, mtoto wa fundi cherehani, akaiweka juu ya meza bila kelele, akaweka kidole, "na yeye hakuandika," na kweli, hamsini na nne tupu, na juu yake vema nyekundu nzuri, na juu ya ukurasa mia, mia kwa mia, kalamu moja, meza moja, jioni moja, na yeye alisemaje, alisema rudi ukakae, alisema usinifundishe kazi, akasema, "hapa mimi si mama yako," na mtoto akazichukua karatasi zote mbili, ya mwenzake akaishika vizuri isikunjike, akaenda kukaa.

Alikuwa ameliona, huo ndio ukweli wenyewe, usiku ule wa kusahihisha aliliona kwa mtoto wa fundi akalipita, kosa dogo, mtoto anajua, ya nini kumkata, kisha akafika kwenye karatasi ya mwanawe, akaisoma mara ya kwanza haina kosa, akaisoma mara ya pili, ya tatu, akitafuta, alikuwa anatafuta! kwa sababu mtoto wa mwalimu apate mia, watu watasema nini, ofisi itasema nini, mwalimu mkuu na lile jicho lake, na alipolipata alifurahi, Mungu amsamehe, alishusha pumzi kama mtu aliyepata ufunguo, na kesho yake wakasema ofisini huyu mama hana upendeleo, na utamu wa neno hilo ameulamba miaka ishirini na mitatu. Jioni ile mezani mtoto alisema, "mwalimu, naomba chumvi," yeye na marehemu mumewe wakacheka mpaka machozi, kituko hicho, kesho yake tena, "mwalimu, nimemaliza vyombo," wiki nzima mwalimu, hata usiku homa ilipompanda aliita mwalimu, kisha ikaisha, mama ikarudi, na yeye alidhani utani umemchosha mtoto. Hukumuuliza. Hukumuuliza hata siku moja, wewe mwanamke, na Jumatatu umesimama mbele ya watu ukakigeuza tena kuwa kichekesho, na watu wakakupigia makofi... pangaboi linazunguka, machozi hayamtoki, si mtu wa machozi mbele ya kadamnasi, ila kifua kinauma mahali pamoja tu, padogo, na wakati huo huo kimetulia, ajabu hiyo, kama mtu aliyeambiwa na daktari jina la ugonjwa ambao ameishi nao. Kipande cha mlango kitarekebishwa, ni kubonyeza mara moja, sawa na, badala ya kubwa kuliko, nusu dakika, lakini lile dawati la dirishani litakaliwa na mtoto mwingine, hilo halibonyezwi, na hataliomba, amekwisha kata shauri hapa hapa, hataandika mbona, hataandika nimekukosea nini, hataandika habari ya usafiri, mtoto aende huko karibu na hospitali, akafundishwe na mtu asiyejua ni mjukuu wa nani, akipata kumi aandikiwe kumi, na Jumamosi aje kwa bibi na daftari lake akitaka, asipotaka aje bila daftari, na kalamu nyekundu ibaki shuleni kwenye droo. Ataandika, mpeleke, mwanangu. Ataandika na lile la swali la saba, sijui atalianzaje, labda kwa karatasi mbili, binti atakumbuka, mtu hasahau kitu kama hicho, na asipojibu leo hana lawama, na asipojibu kesho hana lawama, na mikono iko palepale mapajani, simu kifudifudi, kwenye kioo kobe bado amesimama mbele ya mlango mwekundu na kofia yake upande, bado jaribu tena, na Filimbi keshaanza kuhesabu upya kwa vidole, masikini, anarudia kumi na mbili mara kumi na mbili chini kwa chini, anatafuta kosa lake, "mwalimu, hebu niambie tu, mimi sichukii, nimekosa wapi?" na yeye anamtazama, anasafisha koo, sauti inatoka ndogo kuliko alivyozoea.

"Hujakosa," anasema. "Hukukosa popote."